Maharage ya Marehemu Mama

Tanuri alikuwa ameshachoma kikapu cha maembe na miche miwili ya ndimu alipoitwa kaunta. Jina hilo alipewa na wenzake wa forodhani kwa sababu ya kazi yake, kuteketeza mazao wanayonyang'anywa wageni. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyewahi kumwuliza.

Bwana mkaguzi alikuwa amepasua kifurushi. Tanuri akalitambua fundo la kitambaa.

"Chako hiki?"

"Changu, bosi. Kakituma dada. Maharage ya marehemu mama."

"Na huu udongo? Udongo hauingii nchini."

"Majivu hayo, bosi. Kwetu mbegu tunaziweka kwenye majivu, zisibunguliwe."

Mkaguzi akanusa, akapiga chafya. "Udongo, majivu, mimi nitajuaje? Sheria ni msumeno. Kachome."

Huko nyumbani mvua iliwatupa, wakala hata mbegu. Zilibaki konzi hizi mbili tu. "Panda nyuma ya chumba chako, kaka," dada alimwambia kwenye simu. "Ukivuna, uturudishie. Tunakutegemea wewe."

Ukutani lilining'inia bango la ramani ya dunia, ambalo Tanuri hulipangusa vumbi kila asubuhi. Mishale ilivuka bahari kutoka bara la mbali, kuonyesha mazao yalivyofika kwetu: mahindi, muhogo, maharage.

"Bosi, na haya yalipovuka, nani aliyakagua?"

"Kazi unaitaka, huitaki?"

Aliitaka. Mnyonge hana haki, na kodi ya chumba haingoji mtu.

Mkaguzi alimfuata hadi mlango wa tanuri, ahakikishe kwa macho yake. Tanuri akafungua fundo, akamwaga. Maharage yakapasukapasuka, kisha ikapanda harufu ya jikoni kwa mama, ile ya sufuria iliyosahaulika motoni watoto wakicheza. Mkaguzi akaondoka. Tanuri akabaki pale na kitambaa kitupu, njaa inamuuma, machozi yanamtoka, na uchungu wake hakuwa na wa kumwambia.

Karani mmoja akapita akinusanusa. "Ehe, Tanuri! Leo umepata mpishi? Mbona hutualiki?"

"Hakuna mtu humu," alijibu.

Simu ikaita mfukoni.

"Kaka, mzigo umefika?"

"Umefika, dada."

"Alhamdulillahi! Basi usichelewe kupanda."

Tanuri akausukuma mlango wa chuma kwa goti, ukajifunga.

"Sichelewi," alisema.