Damu kwa Jina la Mkwe

Mama alipopasuliwa, hospitali ilitaka ndugu warudishe damu kwenye benki. Mume wangu, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima unamwita Chuma, alirudi jioni na pamba mkononi. Mama alimsifu mpaka basi. Kila aliyekuja kumjulia hali aliambiwa, "Damu ya mkwe wangu ndiyo inayonitembea humu mwilini."

Kisha afisa wa afya wa wilaya akampigia Chuma simu, afike yeye na mkewe.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma ya zahanati, viti vya plastiki na feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Afisa, mama wa makamo, hakumung'unya maneno.

"Benki hupima kila mfuko wa damu. Wako una kaswende. Umeshatupwa, hakuna mgonjwa aliyeongezewa. Lakini ugonjwa huu lazima tupewe taarifa, tumtafute mhusika na mwenzi wake, tuwatibu. Unatibika."

Nilimgeukia Chuma. Alikuwa anatazama feni. Nilingoja angalau aseme si kweli, akaendelea kuitazama ile feni. Moyo uliniuma, sifichi. Kichwani nilikuwa nimeshafunga nguo zangu na kufika kwa mama.

"Tutachukua damu tena tuhakikishe," afisa alisema, akavuta trei ya sindano.

Chuma akalowa jasho. "Afisa, sikutoa mimi. Naogopa sindano. Alitoa shemeji yangu, akaandikisha jina langu, mimi nikajibandika pamba tu."

Shemeji yake ni mdogo wangu. Yaani huyu mwanamume alikuwa radhi nimwone mzinzi, mradi mama yangu asijue anaogopa sindano! Nilitamani kucheka na kumzaba kibao kwa pamoja.

"Huyo shemeji ana mke?" afisa aliuliza.

"Anaye," nikajibu. "Ni mjamzito, miezi ya mwisho."

"Basi msikae. Mtoto huambukizwa tumboni, anaweza kuzaliwa amekufa. Waje wote wawili leo."

Hamu ya kucheka ilinitoka.

Tulimkuta mdogo wangu uani kwake, anajaza upepo baiskeli. Chuma alimvutia ukutani, akamweleza.

"Majibu yana jina la nani?" mdogo wangu aliuliza.

"Langu."

"Basi katibiwe wewe."

"Hapa hatuzungumzii jina," nikamwambia. "Tunamzungumzia mtoto."

"Dada, mke wangu akijua ataniacha."

"Na asipojua?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama. Wifi akatoka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika viatu. Akakaa kizingitini. Hakulia, wala hakuuliza ni mwanamke gani.

"Mimi kliniki walinipima mimba ikiwa changa," alisema. "Nilikuwa mzima."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilimwonea hasira, nikamwonea na huruma, maana ni damu yangu.

"Wifi, wanafunga saa ngapi huko?" mkewe akaniuliza.

"Saa kumi. Tutawahi."

Akavisukuma viatu hadi miguuni pa mumewe. "Nivalishe. Mimi siwezi kuinama."

Mdogo wangu alipiga magoti. Akamvalisha cha kushoto mguu wa kulia. Wifi alimtazama tu mpaka alipogundua mwenyewe, akakivua, akaanza upya.