Wageni Mia Nne Mlangoni

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye kikao cha tisa cha kamati ya harusi yangu. Mwenyekiti alikuwa keki.

Kwa kawaida mwenyekiti ni shangazi Anasia, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenisomesha mpaka nikawa mwalimu, na tangu mwezi wa tatu analala kwetu ili vikao visimpite. Lakini kwenye ndoto nafasi yake ilikuwa na keki ya ngazi saba, na wajumbe walikuwa viti vya plastiki. Nikaviamkia vyote, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa vilinizidi umri. Vilikuwa mia nne. Nilipomaliza koo lilikuwa limekauka.

"Bibi harusi," keki ikasema, "unataka harusi ya heshima au harusi ya uwezo wako?"

"Zote mbili," nikajibu.

Keki ikashusha pumzi. Ngazi ya tano ikainama kidogo. "Wote husema hivyo. Haya, mtu hujikuna ajipatapo. Jikune mgongo."

Najikuna. Mkono unafika chini kidogo ya bega, unakwama. Sufuria kubwa ya pilau inakuja na futi kamba, inapima, inaandika.

"Hapo ndipo ukumbi wako unapoishia," inasema.

Kuta zinasogea. Sasa tuko sebuleni kwetu, na vile vitambaa vya makochi vya mama, ila mlango ni wa kanisa. Nje wageni wameshafika. Hakuna anayeingia, kwa sababu kadi ilisema wakubwa watangulie.

"Tangulia wewe, mzee."

"Hapana, mama, tangulia wewe."

Foleni imepita soko, imepita stendi. Wengine wameanza kuzeeka humo humo kwenye foleni, jambo linalovuruga utaratibu upya.

Aminiel, mchumba wangu, anapita na birika na beseni akiwanawisha mikono. Suti yake imelowa mpaka viwikoni.

"Bado wangapi?" namuuliza.

"Nimeanza upya. Wa kwanza wameshakauka."

"Hivi mimi na wewe tulitaka watu wangapi?"

"Arobaini. Ulisema utamwambia shangazi."

"Sijamwambia."

"Najua," anasema, bila hasira, na hilo linanichosha kuliko kama angekasirika. Anashika mkono mwingine, anaumwagia maji.

Namkuta shangazi ameketi kwenye ngazi ya nne ya keki. Amevaa viatu vya visigino virefu na miguu imevimba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Siku zote maneno yangu kwake huishia hapo. Safari hii nimechoka mno, hata kunyamaza siwezi.

"Shangazi, sitaki watu mia nne. Nataka arobaini. Nakuheshimu, lakini nimechoka na harusi yenyewe haijafika."

Anaitazama foleni. Keki inajifanya haisikii, kwa adabu.

"Baba yako aliniachia wewe," anasema. "Niliogopa watu waseme nimekuozesha kama yatima."

"Watasema, shangazi. Sisi tutakuwa tumeshakula."

Anacheka kidogo, kisha anainama kuvua viatu. Anahangaika na kamba zake mpaka namsaidia.

"Niazime ndala zako," anasema.

Nazivua, namvalisha.

Nikaamka saa kumi na mbili na nusu, mwili mzito kama niliyefua mablanketi. Nikashusha miguu kutafuta ndala zangu kando ya kitanda, nilipoziacha. Hazikuwepo. Nikatazama chini ya kitanda, nikatazama nyuma ya begi. Komeo la mlango lilikuwa bado limefungwa kwa ndani, kama nilivyolifunga.

Nikaenda jikoni peku. Shangazi Anasia alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi, ndala zangu miguuni, visigino vimezidi kwa nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Hakuinua macho. Akanisogezea kisu cha pili. "Kaa umenye. Hao mia tatu sitini, tutaanza kumwambia nani?"