Ruhusa ya Kuchoka

Miaka ile, mjini Kisangani, mtu aliweza kuchoshwa na njaa, na mvua, hata na mke wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini kuchoka mbele ya bendera, asubuhi, wenzako wote wakikuangalia, hilo lilikuwa jambo lingine kabisa.

Kasongo alikuwa karani wa ofisi ya mizigo bandarini, kule Makiso. Wazazi wake walitoka Maniema, naye alijenga Kisangani na kuzalia hapo. Kila siku kabla ya kazi, wafanyakazi walisimama uani, bendera ikapandishwa, kisha wakaimba na kucheza kumsifu Guide, yaani rais wa nchi, na chama chake. Ngoma hiyo tuliiita animasyon. Wafagiaji walicheza, mhasibu mwenye tumbo lake alicheza, na mizigo ya watu ilisubiri. Aliyewaongoza alikuwa Kasongo. Akiinua mkono, safu nzima inainua mkono. Akiinama, wote wanainama. Hapakuwa na mtu wa ofisi yoyote pale mjini aliyemfikia kwa kiuno.

Kisha moyo wake ukaanza vituko. Unakwenda mbio bila sababu, unasita, unakwenda mbio tena, mpaka siku moja akakaa juu ya gunia la kahawa katikati ya wimbo. Hospitalini alipimwa na munganga kijana ambaye nyumbani kwao aliitwa Hilaire, na kazini alikuwa na jina refu la mababu, kwa kuwa majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku. Munganga alimpa vidonge vyeupe vya propranolol, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akaongeza maneno mengi ya Kifaransa, upesi upesi, kwani ukumbi ulijaa wagonjwa mpaka mlangoni. Kasongo alishika habari ya asubuhi na jioni. Mengine aliyajibu kwa merci, docteur, akaenda zake.

Moyo ulitulia, hilo si uongo. Ila vitu vingine vilitulia pamoja nao. Miguu ikawa mizito kama mtu anayetembea kwenye tope la mtoni. Akisimama ghafla, uani panazunguka. Vidole vikawa vya baridi, na hii ni Kisangani, ambako jasho linakuamkia kabla ya jua. Watu waliompa mkono waliurudisha haraka wakacheka kwamba citoyen Kasongo, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana, ameanza kuuza barafu. Na usiku zikaja ndoto ndefu zenye rangi kali. Anaota anacheza animasyon, wimbo hauishi, bendera haifiki juu. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Hata usingizini maskini hakupewa likizo.

Mkewe Micheline aliona mume analala saa mbili usiku, anageukia ukuta, kwisha. Kwanza alinusa mashati yake, maana wanaume wa mji ule tuliwajua. Hakukuta marashi. Alikuta jasho la mzee na harufu ya kahawa, ndipo akaanza kuogopa kweli.

Mkubwa wa ofisi, citoyen Botende, mtu wa mto kutoka Isangi, ndiye pia aliyekuwa mkubwa wa chama pale kazini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akipewa cheo, woga wake hubebwa na watu wengi. Aliona safu inalegea asubuhi baada ya asubuhi, kwa sababu kiongozi wake analegea. Alivumilia, kisha akamwita Kasongo kando, nyuma ya ghala, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Citoyen, kiuno yako iko na shida gani na chama?"

Kasongo alijaribu kueleza habari ya moyo. Botende alimkatiza, akamkumbusha habari ya Abdulhamid. Abdulhamid alikuwa karani mwenzao aliyewahi kucheza na mikono mfukoni kwa ajili ya homa. Alihamishiwa Banalia, kulinda ghala lisilo na mzigo, na mshahara wake haukuwahi kuijua njia ya kufika huko. Basi, mwisho wa mwezi kamishna wa mkoa anakuja, ofisi zote zitacheza uwanjani mbele yake. Kama safu ya bandari italala, Botende hataweza kumkinga mtu, wala kujikinga mwenyewe.

Kasongo alirudi nyumbani akiliwaza hilo. Banalia hakuna munganga wa moyo. Watoto wanasoma hapa, Hélène yuko mwaka wa mwisho. Ni nani atawalisha? Akajisemea kwamba moyo umeshapona, mbona umetulia. Kilichobaki ni vidonge tu vinavyomnyonya nguvu. Fikra hiyo ilimpendeza kwa sababu alikuwa ameitafuta. Asubuhi iliyofuata hakumeza. Jioni hakumeza. Vidonge alivificha katika mfuko wa koti la zamani, na mkewe hakumwambia.

Haukupita muda mrefu, vidole vikapata joto. Akaota mara moja tu, kwamba anavua samaki. Uani aliinua mkono na safu nzima ikaruka. Botende alicheka mpaka akafuta macho, na Micheline, aliyerudishiwa mume bila kujua bei yake, alipika lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa kukaanga, akiimba jikoni. Kasongo aliusikia moyo wake ukipiga kidogo zaidi ya kawaida. Akasema ni furaha.

Siku ya kamishna walipangwa uwanjani tangu alfajiri. Kamishna alifika jua likiwa kichwani, kama desturi ya wakubwa. Zamu ya bandari ilipofika, Kasongo hakuwa tena na moyo kifuani, alikuwa na ngoma ya pili isiyofuata ile ya kwanza. Kifua kilibana. Mkono wa kushoto ulimuuma mpaka kwenye kidole. Alijua angepaswa kutoka kwenye mstari, na alijua kutoka ni kwenda Banalia. Aliogopa kufa, lakini, nasikitika kusema, aliogopa zaidi kuonekana amechoka. Akainua mikono yote miwili, akaanguka kifudifudi.

Na safu yote ikaanguka nyuma yake.

Wangefanyaje? Walizoea kumfuata. Makarani, wapakiaji, mhasibu na tumbo lake, wote chini vumbini mbele ya jukwaa, kwa mpigo mmoja. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Kamishna alisimama akapiga makofi, maana tangu aanze kuzunguka mkoa hakuwahi kuona utii uliolala chini namna ile. Kisha ngoma ikawaita, wakasimama wote wakijipangusa, na Kasongo akabaki amelala. Makofi yaliendelea kwa muda mbaya kabla ya Botende kukimbia kumgeuza uso.

Hakufa. Munganga Hilaire alimrudisha kwa kazi ngumu, na mgonjwa alipozinduka vizuri, munganga alikaa karibu naye, safari hii bila haraka na kwa Kiswahili. Alimweleza Kasongo na Micheline kwamba uchovu, baridi ya mikono, kizunguzungu na zile ndoto ni kazi ya dawa yenyewe. Si uvivu, si uchawi. Mara nyingi hupungua mwili ukizoea, na visipopungua, munganga hupunguza kipimo au hubadilisha dawa. Lakini kuiacha ghafla ni hatari, kwa kuwa moyo uliokuwa umeshikwa hutoka mbio bila mshiko. Alikiri kwamba siku ile ya kwanza alipaswa kuhakikisha ameeleweka. Micheline aliuliza kama angeweza kumwandikia mumewe kwamba asicheze tena. Kijana aliangalia sakafu. Kuandika kwamba raia hawezi kumchezea Guide, na kutia sahihi chini, hapana, alikuwa na mama wa kutunza.

Alasiri Botende akaja na mkungu wa ndizi, uso unang'aa. Alieleza akiwa amesimama. Kamishna ameupenda ule mtindo wa kuanguka. Ameagiza Kasongo aongoze kundi la mkoa mzima, waende Kinshasa wakaanguke hivyohivyo mbele ya Guide mwenyewe. Habari ya Banalia imekwisha. Mazoezi yataanza mara akitoka kitandani, kila siku, asubuhi na jioni.

Kasongo alimsikiliza mpaka mwisho. Alitafuta maneno ya shukrani, yale tuliyoyajua sote kwa moyo, asiyapate hata moja. Lililokuwepo ni moja tu.

"Chef, nilishachoka."

Micheline aligutuka. Neno kama hilo halikusemwa mbele ya mtu wa chama, hata kwa utani, hata kwa ulevi.

"Ni dawa njo inasema vile, chef," alisema haraka. "Munganga alituambia. Inachokesha mutu, hana namna."

 Botende alikwenda mlangoni, akaangalia ukumbini huku na huku, akaufunga. Aliporudi, ule mng'ao wa uso ulikuwa umemtoka, akabaki mzee wa mto mwenye macho mekundu. Aliuliza kama ni kweli, mtu akichoka kwa dawa, hakuna anayeweza kumshtaki. Micheline akasema ni kweli, kosa ni la dawa. Akauliza tena, kama kweli inachosha mwili mzima, hata kiuno. Hata kiuno, akajibiwa.

Botende alivua kofia yake ya chama, akaishika mikononi.

"Na mimi," akasema, "banaweza kuniandikia hii dawa?"

Kasongo alikunja miguu yake, akamwachia nafasi akae.