Sindano Ambayo Mirumbe Aliiomba

Mirumbe alimzuia Scovia mlangoni mwa chumba cha skani, simu mkononi.

"Madam, tafadhali, mke wangu asitoke humo kabla hajadungwa ile dawa ya picha."

Mkewe, Nyatichi, alikuwa ndani, amelazwa kwenye meza ya mashine. Kwa miaka mingi alikuwa ameosha dhahabu kwenye machimbo ya Masara, akikanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Sasa vidole vyake vilitetemeka, uso ulivimba kila asubuhi, na wiki hiyo maumivu ya ubavu wa kushoto yalimzidi hata kusimama akashindwa. Daktari wa Migori akawatuma Homa Bay apigwe picha ya tumbo.

"Daktari amesema tusimdunge, mzee," alisema Scovia, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga picha. "Dawa hiyo hufanya picha ing'ae, lakini hutoka mwilini kupitia figo. Figo za mama zimechoka. Zinaweza kuzidiwa."

"Hapa wanasema inasaidia." Mirumbe alimnyoshea simu. Jirani yake, mwalimu huko Uriri, alikuwa amemsomea habari hiyo na kumweleza. "Inazuia mwili usiliwe na sumu. Zebaki si ni sumu? Mpe hata mara mbili."

Foleni ilikuwa ndefu. Hata hivyo Scovia alikaa kwenye benchi kando yake, akaisoma yote.

"Hawajadanganya," alisema. "Kuna oksijeni kali inayokula chembe za mwili kama kutu inavyokula bati. Watafiti wameona dawa fulani ya picha, yenye madini ya manganizi, ikiipunguza makali. Lakini kazi hiyo bado iko maabara. Yetu hapa ni ya ayodini, kitu tofauti kabisa. Haiondoi zebaki mwilini. Nikikuambia ni tiba, nitakuwa nakudanganya."

Mirumbe alizima simu. "Kwa hivyo hakuna kitu ya kumpea."

"Hatujaangalia bado, mzee. Hebu nimpige bila dawa kwanza."

Picha ilitoka ya kijivu, hafifu. Lakini kwenye mrija wa figo ya kushoto kulikuwa na kidoa cheupe. Jiwe. Jiwe halihitaji dawa ili lionekane. Mkojo ulikuwa umekwama nyuma yake na figo imefura. Scovia alimpigia daktari papo hapo, na kabla jua halijatua Nyatichi alikuwa ameshawekewa mpira mwembamba wa kupitisha mkojo.

Asubuhi uvimbe wa uso wake ulikuwa umepungua. Alimtazama mumewe.

"Nilikusikia pale mlangoni. Ulikuwa unabishana nini?"

"Nilikuwa naomba wakudunge."

"Wewe? Wewe unayekimbia sindano?" Alicheka, akashika ubavu.

Mirumbe hakucheka. Aliinama akaficha uso kwenye blanketi, na Nyatichi akamwekea mkono kichwani mpaka akatulia.

Jiwe lilitolewa baadaye. Figo zimerudi kufanya kazi, ingawa si kama zamani, na Nyatichi bado anahudhuria kliniki kwa ajili ya ile zebaki. Masara hajarudi tena. Anauza ndizi sokoni Uriri. Mikono ingali inatetemeka. Jumamosi, siku yao ya Sabato, wanapojitayarisha kwenda kanisani, Mirumbe humfunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, naye husimama wima, akimhimiza kwamba wanachelewa.