Uzi Haukukatika

Jumanne asubuhi fundi cherehani alimrudishia mlinzi suruali yake bila kuishona. Aliinyoosha dirishani, mwanga ukapenya.

"Kitambaa kimechoka, baba. Nikipiga uzi hapa, kitachanika pembeni. Nguo mbovu haishonwi."

"Basi nitembee uchi?"

"Hilo ni lako na mkeo."

Mlinzi alicheka, akaondoka na suruali yake kwapani.

Kwenye kiti cha nyuma mke wa mwana wa fundi alikuwa akitia vifungo. Tangu utotoni walimwita Raba, kwa kuwa kidole gumba chake kilikunjika nyuma hadi kugusa mkono. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na asubuhi hiyo, akioga, mshono ulimtokea kuanzia kooni hadi kitovuni. Mama yake aliwahi kuwa nao, na mama yake mdogo pia. Wote wawili walifumuka siku ya kujifungua.

Daktari aliutazama, akampima moyo, akaandika barua. Mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa dhaifu kwa kurithi, umeanza kutanuka, na mimba ingeutanua zaidi. Apimwe kila mwezi. Azalie hospitali kubwa, mbele ya madaktari wa moyo.

Mkwewe, yule fundi, aliisoma barua mara mbili. Karatasi yake ilikuwa ngumu, nzuri. Akaikata umbo la kola, akaitundika pamoja na karatasi nyingine za kukatia nguo.

"Ukoo wenu ulikosa fundi tu," alisema. "Vua gauni."

Kila Ijumaa, kazi ikiisha, aliupitia mshono kwa uzi wa kushonea mikoba, mistari miwili. Raba aling'ata kitambaa. Mumewe alimshika mabega, macho yake ukutani.

"Mama," Raba alisema, "uzi hauna neno. Kitambaa ndicho kibovu. Si ndivyo unavyowaambia wateja?"

"Wateja hawanizalii wajukuu. Kaa wima."

Mwezi wa tisa Raba alijifungua mtoto wa kike kwenye zahanati ya mtaani. Akauliza kama ni mzima. Alipojibiwa, alishika kifua, akafumuka. Mkunga aliandika saa.

Mkwewe alivaa miwani, akakagua. Kila pigo la sindano lilikuwa mahali pake. Nyama ndiyo iliyochanika, upana wa kidole pembeni mwa mshono, juu hadi chini.

"Tazameni wenyewe," aliwaambia waliokuja msibani. "Uzi wangu haukukatika popote."

Walitazama. Ilikuwa kweli.

"Mkono unao, mama," mlinzi alisema. "Hilo hatukunyimi."

Wiki iliyofuata mtoto alipitishwa mkono kwa mkono kwenye kibanda cha fundi. Mteja mmoja alikikunja kidole gumba cha mtoto nyuma, kikagusa mkono, wote wakacheka.

"Raba mtupu!"

Bibi alimfunua blanketi. Kuanzia kooni hadi kitovuni palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Huyu nimemuwahi," alisema, akatunga uzi kwenye sindano.