Poda ya Bibi Harusi

Bimdogo, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa na desturi yake kila afikapo Guangzhou, Uchina: hanunui gauni mpaka alipige picha. Kola kwanza, halafu vifungo, halafu upindo, wateja wake Unguja wasije wakasema hawakuonyeshwa. Ndiyo maana Bi Lam, mwenye duka la nguo pale soko la Shisanhang, alipolazwa hospitali na kuikosa harusi ya mjukuu wake, alimtuma yeye akampigie picha. Walishazoeana. Waliitana laoban, yaani bosi, kila mmoja akimtania mwenzake kuwa ndiye tajiri.

Alichotumwa kilikuwa kimoja tu. Ling, huyo mjukuu, alipokuwa mchanga aliugua hata wakamkatia tamaa, na Bi Lam akaweka nadhiri: mtoto akipona, siku ya harusi yake atasujudu mbele ya Buddha. Mpiga picha wa kukodi angekuwa hotelini, kwenye gauni jeupe na keki. Huko hekaluni asubuhi, watu wa bwana harusi waliona ni mambo ya kizee.

"Nataka nimwone anasujudu," Bi Lam alisema, na Swalha, mjukuu wa Bimdogo anayesoma hukohuko, akatafsiri. "Mengine si kitu."

Bimdogo akakubali. Nadhiri anaijua.

Hekaluni alisimama kando ya nguzo, ubani wao ukimwingia puani. Akalipiga picha gauni la Ling, jekundu la hariri, ndege wa nyuzi za dhahabu kifuani, vifungo vya kitambaa vilivyosokotwa, upindo ulioshonwa kwa mkono. Kisha kengele ikalia, mtawa akaanza kusoma, Ling akapiga magoti kwenye mto wa manjano. Hapo mkono wa Bimdogo ukashuka wenyewe. Kwao mtu aliye kwenye ibada hapitiwi mbele wala hakodolewi macho, sembuse kupigwa picha. Akainama, akatazama vigae vya sakafu mpaka kengele ikalia tena. Alipoinua kamera na kubonyeza, Ling alishaanza kuinuka.

Swalha alimwuliza kwa sauti ndogo kama amepata.

"Nimepata," akasema.

Kwenye teksi ya kwenda hospitali, foleni ya barabara ya Huanshi Zhonglu imewashika, akamwonyesha Swalha picha ya mwisho, Ling ndiyo kwanza anainuka, poda imemtoka katikati ya paji la uso. Akamwambia aifute, haipendezi, itamwaibisha bibi harusi. Swalha akasema ataifuta wakifika. Bimdogo akageukia dirishani. Amwambie Bi Lam kamera iligoma? Aseme aliona kwa macho yake? Na hakuona. Ling naye gari la maua lilishampeleka hotelini, hakuna kurudia.

Bi Lam walimkuta ameegemea mito, nywele zimechanwa vizuri kama anayengoja wageni. Akaipokea kamera. Kola. Vifungo. Upindo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Laoban, unaniuzia nguo niliyoinunua mwenyewe?"

Swalha naye akacheka huku akitafsiri. Bimdogo hakucheka. Bi Lam akaendelea kubonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena, kisha akawatazama.

"Mwambie sikupiga," Bimdogo alimwambia mjukuu wake. "Mwambie hata kuona sikuona, niliinamisha macho. Kwetu anayesali hatazamwi. Na wewe, Swalha, nilikudanganya. Mwambie nimemkosea."

Swalha alichukua muda kuyasema hayo. Bi Lam aliirudia ile picha ya mwisho, ambayo Swalha alikuwa hajaifuta, akaisogeza karibu na macho. Akagusa paji la uso la Ling kwenye kioo, kisha akagusa lake.

"Poda imebaki kwenye mto," alisema taratibu. "Ameshusha kichwa mpaka chini."

Akakutanisha viganja, midomo ikawa inacheza bila sauti. Baadaye usingizi ukamchukua, kamera iko kifuani. Swalha akanong'ona kuwa waichukue, waende zao. Bimdogo hakuweza kunyoosha mkono. Alivuta kiti akakaa, akamwangalia mwenzake alivyoikumbatia picha ambayo yeye aliagiza ifutwe.