Mchungaji Alipovuka Kamba

Nilifunga kamba ya manjano kutoka mti hadi mti, nikawaita wazazi wote, nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza: hakuna mtu kuvuka hapa mpaka mimi niite. Hata kama mtoto wako analia. Hata kama chakula kinapoa. Nilirudia kwa sababu mimi sisahau. Kambi iliyopita, kule Lewisville, Mzee Nderitu alikatiza katikati ya uwanja wa mishale akifukuza kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Nilipompigia kelele, jioni nikaletewa ujumbe kwamba sina adabu kwa wazee. Mimi. Si upepo, si kofia.

Safari hii zilikuwa bunduki. Ndogo, za risasi moja moja, lakini bunduki. Maskauti wa makanisa yetu mawili, letu la Cedar Hill na lile la Alief, tulikutana kambini kando ya barabara ya 45, katikati ya Dallas na Houston, na mwenye cheti cha kufundisha kulenga shabaha nilikuwa mimi peke yangu.

Aliyenitia wasiwasi ni Mama Généreuse. Alitoka Fizi, kule Kongo, akikimbia milio ya bunduki, na binti yake Élodie alimbembeleza wiki nzima kabla ya kukubaliwa. Mama mtu akanipa sharti moja.

"Nitasimama pale nione na macho yangu. Nikiona bunduki moja inaangalia mutu, mutoto wangu anatoka. Si kwa bunduki tu. Kwa skauti yote."

"Sawa, Mama," nikamwambia. "Hata mimi ndiyo sheria yangu."

Basi tukaanza. Mdomo wa bunduki unaangalia wapi? Shabaha, wakajibu. Mtu akikuita? Shabaha. Nyuki akikuuma? Wakacheka, lakini wakajibu shabaha.

"Na nyoka je, Anti Gakii?" akauliza Kipchoge, maana darasa halikosi Kipchoge.

"Nyoka atakungoja umalize."

Élodie hakucheka. Midomo yake ilikuwa ikirudia kimya kimya kila nilichosema.

Wakavaa miwani, wakaziba masikio, wakasimama kwenye meza zao na kuanza kupiga. Mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kufurahi, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Nilikuwa nimeinama mwisho wa mstari, namkazia mtoto mmoja miwani, Mchungaji Wilondja alipofika kutoka Alief na suti yake. Akina mama wakainuka. Bwana asifiwe, amen. Kisha mchungaji akainua kamba yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayepita pazia la sebuleni kwake, akaingia kusalimia watoto mmoja mmoja.

Mnajua tunavyowalea. Mkubwa akija, unaacha unachofanya, unamgeukia mwili mzima, unatoa mkono. Usipofanya hivyo utasemwa mpaka kwa shangazi yako Eldoret. Watoto walikuwa wameziba masikio, kwa hiyo mchungaji akawagusa mabega, nao wakageuka mmoja mmoja.

Kipchoge aligeuka mwili mzima, na tabasamu. Bunduki ameibana kwapani, mkono wa kulia ameutoa. Mdomo wa bunduki ukapita mti, ukapita kamba, ukapita birika la chai, ukatua kwenye kitenge cha Mama Généreuse, tumboni.

"Bwana asifiwe, Pasta," akasema mtoto wa watu, kwa heshima zote.

Niliita wasimamishe kwa sauti iliyoniumiza koo. Mchungaji alikuwa tayari kwa Élodie. Akamgusa bega. Akamgusa tena. Élodie hakugeuka. Alivuta chuma cha nyuma, akatoa risasi, akalaza bunduki mezani ikiangalia shabaha, akarudi hatua nyuma na mikono wazi, vile vile nilivyowafundisha. Mkono wa mchungaji ukabaki hewani, ukachoka, ukashuka.

"Huyu binti ni wa nani?"

"Ni wangu, Pasta," akasema Mama Généreuse.

"Mchungaji, rudi nyuma ya kamba," nikasema.

"Dada Gakii, nimeendesha asubuhi yote kuja kubariki watoto. Salamu nayo imekuwa kosa?"

"Humu ndani, ndiyo."

"Nilisema huyu mama hana adabu," akasema Mzee Nderitu kutoka kwenye kiti chake cha kukunja.

"Ulisema, Mzee. Hata siku uliyosema naikumbuka."

Nikaichukua bunduki ya Kipchoge, nikaifungua mbele yao. Risasi nzima, haijapigwa, ikaniangukia kiganjani. Nikaiinua waione. Kipchoge akaanza kulia, akisema alitaka kusalimia tu. Ningemgombeza vipi? Kosa lake ni kwamba tumemlea vizuri.

Mama Généreuse aliitazama risasi, akajishika kitenge pale tumboni. Bunduki zote sasa zilikuwa mezani, hata ya Kipchoge, akavuka kamba. "Élodie, kuya," akamwita.

Sharti lilikuwa lake, na nililikubali mwenyewe.

Akampeleka binti yake mbele ya mchungaji. "Salimia Pasta." Élodie akatoa mikono miwili, akainama kidogo. "Voilà. Umesalimia. Sasa rudia kwa kazi yako." Akamgeukia mchungaji. "Na siye tutoke huku, Pasta. Watoto wote umegusa wamegeuka. Wangu tu ndiye hakuniangalia na bunduki."

Mchungaji akatoka. Akakaa karibu na Nderitu, wakanunia chai yao pamoja.

Kipchoge nilimkalisha nje siku ile yote, na bado inanikera, maana wa kukalishwa alikuwa mwingine, mwenye suti. Nikawaacha watoto wametulia, bunduki mezani, nikaenda kuchukua maji. Niliporudi, Mama Généreuse alikuwa amesimama kwenye kamba. Akaninyooshea kiganja.

"Ngoja. Uliza watoto kwanza kama unaweza vuka."

"Mama, mimi ndiye mwalimu."

"Uliza."

Nikauliza.